Kinga ya Mwili Isigeuzwe Biashara ya Matumaini

Maradhi ni mmoja wa maadui watatu ambao Taifa hili liliwatangazia vita tangu siku za mwanzo za Uhuru. Vita hivyo, kama vita vingine vyote, vina silaha za kweli na silaha za bandia; na mara nyingine hasara anayoileta muuza silaha za bandia hushinda ile inayoletwa na adui mwenyewe. Jambo hilo linaonekana waziwazi hivi sasa katika habari ya saratani ya tezi dume, na katika neno moja ambalo limekuwa likitajwa kila mahali: kinga ya mwili.

Katika masoko, katika vituo vya mabasi na hata katika simu za mkononi, wananchi wanauziwa vidonge, unga na chupa za maji ya rangi, wakiambiwa kwamba vitu hivyo huongeza kinga, na kwa hiyo huponya tezi dume bila kisu wala sindano. Wauzaji wameliokota neno hilo katika maabara za sayansi, wakaliacha elimu yake huko huko, na kuja na jina tupu. Mwalimu mstaafu aliyelitumikia Taifa kwa miaka thelathini na mitano anatoa sehemu ya kiinua mgongo chake kununua unga huo. Miezi sita baadaye anafikishwa hospitali akiwa amebebwa, mifupa ya mgongo imekwisha kuliwa na ugonjwa. Hapo daktari hana la kufanya ila kumpunguzia maumivu.

Ni wajibu basi wa watumishi wa umma na walimu, ambao ndio macho na masikio ya wananchi wengi, kufahamu ni lipi la kweli na ni lipi la uongo katika habari hii. Kweli ipo, tena ni kubwa. Lakini ina mipaka yake, ina gharama yake, na ina masharti yake.

Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika mwaka 2022 wanaume karibu milioni 1.5 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, na karibu 400,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, hiyo ndiyo saratani inayowapata wanaume kwa wingi kuliko nyingine zote. Tezi yenyewe ni kitu kidogo, kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Saratani ikianza humo, kwa kawaida huwa kimya. Haiumi, haitoi damu, haimzuii mtu kwenda kazini. Inapoanza kusema, mara nyingi imekwisha kutoka nje ya tezi na kuhamia katika mifupa ya nyonga na ya uti wa mgongo.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, upasuaji na mionzi vinaweza kuuondoa kabisa. Ukiwa umekwisha kuenea, tiba kuu kwa zaidi ya miaka 80 imekuwa ni kuunyima chakula chake. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago, Marekani, alionyesha kwamba saratani hiyo hustawi kwa homoni ya kiume, na kwamba homoni hiyo ikizuiwa, ugonjwa hunywea. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Lakini saratani ni adui mwenye hila. Kwa wagonjwa wengi, baada ya miezi au miaka, hujifunza kuishi bila homoni ile, na hapo huanza kukua upya. Ni katika hatua hiyo ngumu ndipo wanasayansi walipoanza kujiuliza: je, askari wa mwili wenyewe hawawezi kuitwa vitani?

Swali hilo si jipya. Mwaka 1891 mpasuaji William Coley wa New York alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani vijidudu kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa amesoma habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake ulitoweka baada ya kupata maambukizo makali ya ngozi. Wachache walipata nafuu, wengine walidhurika, na wenzake wengi hawakumsadiki. Lakini wazo halikufa. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kingston, Kanada, alitangaza kwamba chanjo ya kifua kikuu, ile ile ya BCG inayowaachia watoto wa Tanzania kovu begani, ikimiminwa ndani ya kibofu chenye saratani changa huwaamsha askari wa mwili na kuwafanya waushambulie uvimbe. Tiba hiyo inatumika duniani kote hadi leo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwamo katika safari hiyo tangu mapema. Mjini Kampala, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967, madaktari waliijaribu BCG kwa wagonjwa wa saratani ya matezi iitwayo Burkitt. Mwaka 1976 walitoa matokeo yao bila kuficha: chanjo hiyo haikuubadili mwendo wa ugonjwa. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila mwalimu wa sayansi. Mwaka ule ule, dawa ile ile ilifaa Kanada kwa saratani moja na ikashindwa Kampala kwa saratani nyingine. Ndiyo kusema kwamba kinga si dawa ya kila ugonjwa, na mwenye kudai kwamba unga wake unatibu saratani zote kwa kuongeza kinga anadai jambo ambalo sayansi ililipima na kulikataa zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Kwa nini kinga ishindwe? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kijidudu cha malaria ni mgeni, na askari wa mwili humtambua kwa sura yake. Seli ya saratani ni mwana wa nyumba ile ile aliyeharibika. Amevaa mavazi ya nyumbani, na askari wanampita bila kumsimamisha. Saratani ya tezi dume ina hila ya ziada. Mabadiliko katika vinasaba vyake kwa kawaida ni machache kuliko yale ya saratani ya mapafu au ya ngozi, kwa hiyo alama za kumtambulisha ni chache. Tena askari wachache tu huingia ndani ya uvimbe, na wale wanaoingia hukuta mazingira yanayowalegeza. Kwa sababu hiyo wataalamu huuita uvimbe huo kuwa ni wa baridi.

Njia ya kwanza iliyofaulu ilikuwa ni kuwafunza askari. Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa New York walieleza juu ya seli zenye matawi kama mti, ziitwazo seli za dendriti, ambazo kazi yake ni kuchukua kipande cha adui na kuwaonyesha askari wengine: huyu ndiye wa kumpiga. Steinman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, siku tatu baada ya kufariki, kwa kuwa habari za kifo chake zilikuwa bado hazijawafikia watoa tuzo. Juu ya elimu hiyo ilijengwa tiba iitwayo sipuleucel-T, ambayo huuzwa kwa jina la Provenge.

Tiba hiyo haitoki katika chupa ya dukani. Mgonjwa hulazwa kwa saa chache, damu yake hupitishwa katika mashine inayochuja seli nyeupe na kumrudishia sehemu nyingine. Seli zile hupelekwa kiwandani, zikachanganywa na protini inayopatikana katika saratani nyingi za tezi dume, zikafunzwa kuitambua. Siku ya tatu hivi hurudishwa mwilini mwa mgonjwa yule yule. Kazi hiyo hufanywa mara tatu, kila mara baada ya kama wiki mbili. Dawa ya mtu mmoja haimfai mwingine, na ikishatoka kiwandani ina saa 18 tu kabla ya kuharibika.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliikubali tarehe 29 Aprili, 2010. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa chanjo ya kutibu saratani ya namna hiyo kupewa kibali nchini humo. Katika jaribio kuu, lililohusisha wagonjwa 512, nusu ya waliopewa tiba hiyo waliishi miezi 25.8 au zaidi, na nusu ya wale ambao hawakupewa waliishi miezi 21.7 au zaidi. Tofauti ni miezi minne. Uvimbe kwa kawaida haukunywea, na vipimo vya damu mara nyingi havikushuka. Bei ilikuwa dola 93,000 kwa mgonjwa mmoja. Kampuni ya Dendreon iliyoitengeneza iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2014, na mwaka 2015 kibali cha Ulaya kiliondolewa, ingawa Marekani tiba hiyo iliendelea kutolewa.

Miezi minne si kitu cha kudharauliwa. Kwa baba anayemsubiri mtoto wake amalize masomo, miezi minne ni mali. Lakini mwananchi anayeambiwa mtaani kwamba Wazungu wamepata chanjo ya kuponya tezi dume ana haki ya kujua kwamba tiba bora ya namna hiyo iliyokubaliwa hurefusha maisha ya wagonjwa fulani kwa kipimo hicho, wala haiwaponyi. Chanjo nyingine mbili zilizotarajiwa sana zilianguka: ile iliyoitwa GVAX, majaribio yake makubwa yalisimamishwa mwaka 2008, na ile iliyoitwa PROSTVAC, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 1,297, ilisimamishwa mwaka 2017 ilipoonekana kwamba haitarefusha maisha.

Njia ya pili ni kuwafungulia askari breki. Mwili una vizuizi vya kuwatuliza askari wake wasije wakawashambulia raia wema, na saratani hujua kuvikanyaga vizuizi hivyo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walionyesha jinsi ya kuviondoa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa zilizotokana na kazi yao zimewaokoa wagonjwa wengi wa saratani ya ngozi na ya mapafu. Kwa tezi dume, habari ni nyingine. Dawa iitwayo ipilimumab ilijaribiwa kwa wanaume 799, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha miezi 11.2 dhidi ya 10, tofauti ambayo kwa hesabu za kitaalamu haikutosha kuitwa ushindi. Dawa nyingine, pembrolizumab, nayo ilinywesha uvimbe kwa wagonjwa wachache tu kati ya kila mia.

Lakini kuna kundi dogo ambalo dawa hiyo imewafaa sana. Kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya tezi dume iliyoenea, kama watatu wana kasoro katika mtambo wa seli unaosahihisha makosa ya vinasaba. Makosa yakirundikana, alama za adui huwa nyingi, na askari waliofunguliwa breki humwona mara moja. Mwaka 2017 Marekani iliikubali pembrolizumab kwa saratani yoyote yenye kasoro hiyo, popote ilipoanzia mwilini. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, baadhi yao uvimbe umetulia kwa miaka. Ikumbukwe tu kwamba askari waliofunguliwa breki huweza pia kuushambulia mwili wenyewe: utumbo, ini, mapafu na tezi za homoni. Anayesema kwamba kuamsha kinga hakuna madhara hajui asemalo.

Kutokana na maelezo hayo, yapo mambo matatu ambayo Taifa halina budi kuyaangalia kwa makini.

La kwanza ni maabara. Dawa inayowafaa watatu kati ya mia ni neema kwa hao watatu na hasara kwa wale 97 wakipewa bila kupimwa. Shirika la Afya Duniani lilizitia dawa za kufungua breki katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, kwa ajili ya saratani ya ngozi, na mwaka 2025 likapanua matumizi ya pembrolizumab kwa saratani nyingine chache. Siku zitakuja ambapo bei zitashuka na dawa hizo zitatafutwa na kila hospitali kubwa. Nchi itakayokuwa haina mafundi wa kusoma vipande vya nyama na kuitambua kasoro ile itakuwa kama mtu aliyenunua bunduki asiyejua adui yuko wapi. Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, pamoja na hospitali za rufaa za Bugando na KCMC, ndizo shina la kazi hiyo. Shina halina budi kumwagiliwa maji: kusomesha wataalamu wa patholojia, kuwapa vifaa, na kuhakikisha kwamba majibu ya mgonjwa hayachukui miezi.

La pili ni utafiti. Ni jambo linalojulikana kwamba wanaume weusi wa Marekani hufa kwa saratani ya tezi dume karibu mara mbili ya weupe, na kwamba katika majaribio ya dawa wamekuwa wachache mno. Hata hivyo, daftari la wagonjwa 1,902 waliopewa sipuleucel-T, ambalo uchambuzi wake ulitolewa mwaka 2020, lilionyesha jambo la kushangaza: wagonjwa weusi waliolinganishwa na weupe wenye vipimo sawa vya damu waliishi miezi 35.3 dhidi ya 25.8. Daftari si jaribio, na tofauti hiyo haijathibitishwa. Lakini inazaa swali ambalo haifai kulisubiri lijibiwe na wengine. Ikiwa miili ya watu wenye asili ya Afrika huitikia tiba ya kinga kwa namna yake, basi mahali pa kulijibu swali hilo ni Afrika, chini ya usimamizi wa taasisi kama ile ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa ridhaa ya wagonjwa na kwa mikataba inayohakikisha kwamba waliotoa damu yao hawatanyimwa dawa itakayopatikana.

Wapo watakaosema kwamba nchi zinazoendelea haziwezi mambo hayo. Jibu limetolewa na India. Mwaka 2023 nchi hiyo ilikubali tiba yake yenyewe ya seli za kinga zilizobadilishwa vinasaba, iliyotengenezwa na wanasayansi wa chuo cha teknolojia na hospitali ya saratani za mjini Mumbai. Tiba hiyo ni ya saratani za damu, si ya tezi dume, na bado si rahisi. Lakini bei yake ni sehemu ndogo tu ya zile za Marekani. Dawa yenye uhai wa saa 18 haiwezi kuagizwa kutoka ng'ambo kama mashati. Ama hutengenezwa karibu, ama haipatikani. Kujitegemea katika jambo hili si kaulimbiu. Ni sharti la dawa yenyewe.

La tatu, na ndilo linaloweza kuanza kesho asubuhi bila senti moja kutoka ng'ambo, ni elimu na kuwahi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla ya kinga kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA na kuna kidole cha daktari, ambacho wanaume wengi wamekifanya kichekesho cha vijiweni hadi kichekesho hicho kikageuka msiba. Miongozo mingi inawashauri wanaume wenye asili ya Afrika, na wale ambao baba au ndugu zao waliugua, wazungumze na daktari tangu umri wa miaka 45 hivi. Kipimo cha damu kikipanda si lazima iwe saratani, kwani uvimbe wa kawaida wa uzeeni na maambukizo navyo hukipandisha. Na si kila saratani inayogunduliwa inahitaji kushambuliwa mara moja. Nyingine hutosha kuangaliwa kwa karibu. Hayo yote ni ya daktari kueleza, si ya muuza unga.

Mkuu wa idara anayemnyima mtumishi wake ruhusa ya nusu siku kwenda kupima ana sehemu katika kifo cha mtumishi huyo. Mwalimu wa biolojia anayefundisha habari za seli nyeupe kwa ajili ya mtihani tu, bila kuwaeleza wanafunzi kwamba elimu hiyo hiyo ndiyo itakayomwokoa babu yao na matapeli, amefundisha nusu ya somo. Na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba isiwaonee haya wale wanaotangaza hadharani kwamba wanaponya saratani. Tiba za asili zina heshima yake na Baraza lake la kuzisimamia. Mwenye dawa ya kweli hataogopa kupimwa. Vilevile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, vipimo na tiba za msingi za saratani, yaani upasuaji, mionzi, dawa za homoni na dawa za maumivu, visisahauliwe kwa sababu ya kutazama mambo makubwa ya mbali.

Wahenga waliposema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walikuwa wakivisema vijinga vya moto. Lakini maneno yao yanafaa hapa pia. Kinga iliyo katika damu ya mgonjwa, ikiwa peke yake, imeshindwa mara nyingi mbele ya saratani hii. Ikishikana na maabara yenye vifaa, na daktari mwenye elimu, na mtafiti asemaye kweli hata anaposhindwa, na mwananchi aliyewahi kupima, moto unaweza kuwaka. Kinga inayouzwa kwa kijiko kituoni haina moto wowote, na anayeinunua anailipa kwa siku zake za kuishi.